Sulemani Alipoomba Mbwa Aingizwe Ndani

Wiki ile Noeli, Idi na Bonane, yaani mwaka mpya, zilifuatana kama watoto wa mama mmoja, na kila moja ilikuja na risasi zake. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili. Wakubwa walikuwa wamekwisha kutia sahihi mapatano huko Arusha, lakini milimani juu ya Bujumbura vita havikuwa vimepata habari. Askari wa mjini nao, sikukuu ikifika, walifurahi kwa kupiga bunduki hewani. Sisi watu tulijifunza kusikiliza. Mlio wenye kicheko nyuma yake ni pombe. Mlio unaojibiwa kutoka mbali, lala chini. Mbwa hana wa kumfundisha hayo.

Mimi nilikuwa na mbwa. Nasema hivyo na najua mtakavyosema: Mwanasiti, mke wa Sulemani fundi wa magari, afuge mbwa katikati ya mtaa wa Asiatique, na adhana anaisikia bila kipaza sauti? Basi hakuwa wangu. Alikuwa amana.

Mwenyewe ni Révérien, karani wa serikali, aliyekuwa akileta Peugeot yake kwa mume wangu tangu ikiwa mpya. Nyumba yake ya Carama, pembeni mwa mji, ilipochomwa, alifika kwetu asubuhi moja kwa miguu, viatu mkononi, mbwa nyuma yake. Alikuwa anakimbilia Tanzania. Alisimama nje ya geti, hakutaka kuingia na mnyama.

"Mama Yasmina," akaniambia, "nyinyi ni Waislamu, mi najua. Lakini sina mutu mwingine. Nikimuacha njiani watamuua."

Alisema kweli. Miaka ile, huko pembeni mwa mji, mbwa walikuwa wamekula vitu ambavyo mbwa hapaswi kula, na askari akiona mbwa asiye na mtu hakuuliza. Nikamwuliza jina la mbwa. Mugenzi, akasema, yaani mwenzangu. Nikamwambia aniachie na nguo yake moja isiyofuliwa. Alivua shati la mwilini akanipa, akaenda Tanzania na koti tupu.

Sulemani alinuna mwezi mzima. "Unaniletea najisi mahali ninapotawadhia!" Mwisho tukakubaliana kwamba mbwa atakuwa wa gereji, hatavuka kizingiti cha nyumba. Nikamlazia pipa ubavu kando ya lile shimo ambalo mafundi wanashukia kutazama gari kwa chini, wao wanaliita fosi. Miaka miwili Mugenzi hakuvuka kizingiti, wala Sulemani hakumgusa hata kwa ncha ya kiatu.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mume wangu akiwa amevimba miguu. Katikati ya mfungo hakuinuka tena. Daktari alitwambia moyo umechoka, tukae naye, tumpe anachotaka. Binti yetu Yasmina alikuja kutoka kwa mumewe akasaidia kumgeuza. Tulimlaza chumba cha mbele, kitanda kikitazama mlango, aone uwanja wake na magari yaliyokosa fundi.

Ikafika Noeli. Mimi mbwa yule nilikuwa nimekwisha kumjua. Siku ya makelele namtembeza mapema asubuhi hadi achoke. Namlisha ugali na vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, kabla ya alasiri, kwa maana akishaanza kuogopa hali tena. Naziba mdomo wa pipa kwa gunia, namfunga kanga kifuani, imkaze kidogo kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na shati la Révérien namwekea puani. Kamba shingoni simfungi. Mbwa wa jirani alijinyonga hivyo Bonane iliyotangulia, alijirusha juu ya ukuta, kamba ikabaki upande huu. Na simgombezi. Ukimgombeza anadhani na wewe umekuwa mlio.

Jua lilikuwa linazama, risasi za kwanza zimeanza upande wa ziwa, nami nimepiga magoti kando ya pipa, ndipo Sulemani akaita.

"Mama Yasmina. Muingize ndani."

Nilidhani ni homa. "Nimuingize nani?"

"Yule mbwa. Anaogopa."

"Baba Yasmina, miaka miwili hukutaka hata kivuli chake."

"Mi nasema muingize. We unabishana na mugonjwa?"

Mugenzi mwenyewe alisita kizingitini, ikabidi nimvute kwa ile kanga. Akaingia, akazunguka mara mbili, akalala kukata mlango, uso nje, mgongo kwa Sulemani. Mume wangu akamtazama, akashusha pumzi kama mtu aliyesikia komeo limeingia mahali pake.

Hapo nikaelewa ni nani aliyekuwa anaogopa.

Kwetu watu wanasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na anayechukua roho si malaika pia? Sulemani alikuwa ameweka mlinzi. Mtu huyu alizika kaka zake wawili katika mwezi mmoja na hakuna aliyeona chozi lake, sasa alikuwa amelala anategemea masikio ya mbwa. Mimi nilijua kwamba sivyo. Nilifundishwa tangu utoto kwamba wasioingia ni malaika wa rehema, na yule mwingine hazuiwi na kitu. Nilitaka kumwambia. Nikaona jinsi mikono yake ilivyolegea juu ya shuka, mikono iliyokuwa imekunjwa ngumi siku tisa. Nikamwachia mlinzi wake.

Kesho yake, alasiri, hapakuwa na mlio wowote. Nilikuwa nachambua mchele wa Idi. Geti likalia, ule mlio wake wa chuma kikwaruzana na chuma. Nikainua macho. Geti lilikuwa limefungwa.

Mugenzi alisimama. Manyoya ya mgongo yakasimama naye. Akaanza kunguruma, lakini kwa chini sana, mngurumo wake niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Macho yake yalianzia getini. Yakapita kwenye gari bovu lililokuwa juu ya fosi, yakapita karibu na sinia langu, polepole, mwendo wa mtu asiye na haraka, yakafika kizingitini. Hapo yakapanda, yakatulia kimo cha uso wa mtu.

Kuku wangu watatu walikuwa wamelala chini, mabawa yametandazwa, kama wanavyofanya mwewe akipita.

Sijui ni muda gani. Kisha macho ya Mugenzi yakarudi njia ile ile hadi getini, naye akalala.

Kitandani Sulemani alikuwa macho. "Amekwenda?" akauliza.

"Nani?"

"Mi sijui. Mbwa ndiye anajua."

Siku ya Idi wageni wakaja, na hakuna aliyevuka mlango. Waliketi uwanjani wakimsalimu mgonjwa kwa mbali. Wifi yangu Khadidja, dada yake Sulemani, mwanamke ambaye akinyamaza unamtafutia daktari, alisimama mikono kiunoni.

"Wifi! Siku ya Idi, mbwa ndani! Mi pilau yako sili."

"Usile. Mbwa atashukuru."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinivuta kando ya jiko.

"Sikiliza. Ndugu yangu unamuona? Hali, halali, roho iko hapa kooni, haipati njia. Kila mutu hapa mtaani, kartie nzima, anasema. Yule mbwa ameshika mlango. Mutoe."

"Sulemani mwenyewe ndiye alimuomba."

"Mugonjwa akiomba sumu utampa?"

Wakati ule ule watu uwanjani walinyamaza. Ilikuwa alasiri. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wameketi kwenye mikeka na viti vya kukodi, hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Mugenzi alikuwa amesimama. Nikaona mzee mmoja anasogeza kiti chake. Mama mmoja akavuta mkeka, akamvuta na mtoto. Mwingine akakunja miguu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Walisogea jinsi watu wanavyompisha mtu aliyebeba mzigo, na kutoka getini hadi mlangoni kwetu pakabaki njia nyembamba tupu, imenyooka kama uzi.

Mbwa alinguruma hadi mwisho wa njia ile, akaonyesha meno. Tukasubiri sote, hatujui tunasubiri nini. Kisha mtoto akakohoa, watu wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa wote kwa pamoja, na nusu saa haikupita kila mmoja alikuwa amekumbuka ana safari.

Tangu siku hiyo Sulemani hakulala hata kidogo. Nawaambia kweli, sijaona mtu akiteseka hivyo. Kifua kilikuwa kinapanda kama cha mtu anayepanda mlima wa Bugarama na gunia kichwani, na hakishuki. Maji yalikataa kupita. Miguu ilipasuka ikatoa maji yenyewe. Usiku nilimpepea, mchana Yasmina alimpepea. Na kila alasiri geti lililia, mbwa akasimama, naye Sulemani akakunja ngumi hadi macho ya mbwa yarudi getini. Kisha ananitazama kwa aibu kidogo, kama fundi aliyelipitisha gari bovu kwa siku moja zaidi.

Jumapili, tarehe thelathini na moja, nilimtembeza Mugenzi alfajiri kama kawaida yangu ya siku za makelele. Kwenye kona kulikuwa na barieri, kizuizi cha askari, na askari mmoja, Jovithe, alikuwa ananifahamu, hunisalimu. Siku ile tayari alikuwa na chupa.

"Mama, huyo umufunge vizuri leo. Mbwa atakayetoka Bonane, mi siulizi ni wa nani."

"Na akitoka na mimi?"

"Basi we utangulie mbele, nione kitambaa cha kichwa." Akacheka, akampigia mbwa chupa yake kwa kidole, ting. Mugenzi akaruka hatua mbili, akajificha nyuma ya miguu yangu, anatetemeka.

Saa kumi za jioni nilikuwa nalainisha midomo ya Sulemani kwa pamba. Akanishika mkono. Alikuwa hana nguvu, lakini alinishika.

"Mama Yasmina. Nimechoka kushinda."

Nikaweka pamba chini.

"Mutoe nje," akasema.

Hapo ndipo mambo yote yalinifikia kwa mara moja. Nikimtoa jioni ile, atakaposikia risasi ataruka ukuta, atakimbilia Carama kutafuta nyumba isiyokuwapo, na hata barieri ya kwanza hataivuka. Kumfunga kamba ni kumnyonga. Pipani peke yake hawezi, si Bonane, mji mzima ukipiga. Lazima mtu akae naye, na mtu aliyemzoea ni mmoja tu.

"Yasmina atakaa naye," nikasema.

"Yasmina anamuogopa. Mbwa akisikia ile hofu watakimbia wote wawili." Akataka kucheka, pumzi ikakataa. "Nenda naye we. Kwenye fosi. Chini kule mlio haufiki sana."

"Na wewe?"

"Mi nina mutoto wangu, nina dada yangu." Akakusanya hewa. "Ni amana, Mwanasiti."

Tulikuwa na miaka arobaini na moja katika ndoa. Nilikuwa nimejiwekea kitu kimoja tu, kwamba siku hiyo ikifika nitakuwa nimekishika kichwa chake, nitamtamkia shahada sikioni, atatoka akisikia sauti yangu. Na njia ya kubaki ilikuwapo. Ningemwambia tu: Baba Yasmina, mbwa hamzuii malaika, hajamzuia hata siku moja, acha alale hapa na mimi nikae. Maneno hayo yalikuwa ulimini. Lakini angejua kwamba siku zote zile alilindwa na hewa. Angetoka akiwa na hofu yake yote, mbichi, kama jioni ya Noeli. Sasa alikuwa anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, na mtu anayefungua mlango haogopi kama anayevunjiwa.

"Nipe radhi," nikamwambia.

"Nimekupa. Nipe na we."

"Nimekupa, mume wangu."

Khadidja alinikuta kizingitini nikimfunga mbwa kanga. "Unamuacha ndugu yangu kwa ajili ya mbwa?"

"Nimetumwa, wifi. Kaa upande wa kichwa. Mtamkie taratibu, usimpigie kelele."

Akanitazama usoni, akaenda kukaa upande wa kichwa.

Juu ya fosi lilisimama lile gari bovu, Peugeot isiyo na injini. Nilishuka ngazi za saruji, Mugenzi nyuma yangu, nikaketi kwenye kigoda cha mafundi, nikamweka kati ya magoti. Kulinuka oili na udongo. Kati ya gari na ukingo wa shimo ulibaki ufa mrefu, upana wa kiganja, na kwenye ufa ule niliona uwanja wangu kwa chini chini: vumbi, mguu wa kiti, kizingiti cha nyumba kwa mbali. Nikamwekea shati la Révérien puani. Likawa halina harufu tena ila ya mbwa mwenyewe, lakini alilikubali.

Jua lilipogusa milima ya Congo askari wakaanza. Mwanzo bunduki moja moja, kisha barieri zote pamoja, kisha kitu kizito kutoka kambini kilichofanya mchanga uanguke shingoni kwangu. Mugenzi alitetemeka hadi meno yangu yakagongana. Alinikojolea miguuni. Nilimkumbatia, nikambonyeza masikio kwa viganja, nikamtamkia yale niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya mtu mwingine. Sikuwa na maneno mengine. Nilitamka shahada polepole, sauti ya chini, ndani ya shimo, nikitazama kizingiti.

Geti likalia.

Katika makelele yale yote, jua likiwa nusu limezama, niliusikia mlio wa geti langu. Na mbwa akaacha kutetemeka. Aliacha kwa mara moja, kama injini iliyozimwa. Akachomoa kichwa mikononi mwangu, akatazama juu kwenye ufa. Macho yakaanza kwenda, kutoka upande wa geti kuelekea upande wa nyumba. Na mimi nilitazama. Wallahi sikuona mguu. Niliona vumbi tu, limetulia. Safari hii hakunguruma. Alifuata kwa macho hadi kizingitini, macho yakavuka, yakaingia.

Nilikaa. Risasi ziliendelea lakini sasa zilikuwa mbali, mtaa wa pili, nchi ya pili.

Kisha yakatoka. Macho ya Mugenzi yalitoka kizingitini polepole, yakipanda na kushuka kidogo, nikafahamu kwamba sasa anatazama wawili, maana yalikuwa yanaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Walipofika usawa wetu akasimama. Mkia ukaanza kugonga ukuta wa fosi. Akalia kile kilio kidogo cha mbwa anayemwona mtu wa nyumbani, akainua pua kwenye ufa, akanusa, akanusa. Kisha akalamba. Alilamba hewa pale ukingoni, mara mbili, kama anavyolamba mkono ulioshushwa.

Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Geti halikulia tena. Mugenzi akashuka, akazunguka mara mbili, akalala juu ya miguu yangu, akashika usingizi. Bujumbura nzima ilikuwa inawaka juu yetu na yeye anakoroma. Baadaye kidogo nikasikia Khadidja anapiga yowe. Sikupanda. Ningeondoa miguu angeamka, na risasi zilikuwa bado. Nilimlilia mume wangu kule chini bila kujitikisa, hadi zikapungua, hadi ikabaki moja moja yenye kicheko.

Nilipotoka nilichota mchanga safi, nikaosha mikono na miguu, mara ya kwanza kwa mchanga, mara sita kwa maji, nikabadili nguo, ndipo nikaingia.

Tulizika asubuhi ya Bonane. Maalim Huseni, aliyemswalia, alikuwa amekwisha kusimuliwa yote na Khadidja. Alikuja kunipa pole mkekani, akainama, akasema kwa upole, na kila mtu alisikia:

"Mama, hukuwa na haja ya kutoka. Malaika wa mauti hazuiliwi na mbwa. Ungekaa na mume wako."

Khadidja akatazama chini.

"Mi najua, maalim," nikasema.

"Unajua? Sasa kwa nini ulitoka?"

"Sulemani hakujua."

Maalim alinitazama, kisha akatazama uwanjani, ambako Mugenzi alikuwa amelala juani na kanga yake kifuani, akazivuta tasbihi zake bila kuhesabu.

Watu walipopungua, Yasmina akaja akaketi karibu nami. Alikuwa hajalia tangu jana, alikuwa anashikashika ukingo wa mkeka.

"Mama, nina neno. Wakati ule jua linazama, baba alifungua macho. Shangazi alikuwa anamtamkia, lakini yeye alinitazama mimi. Akaniuliza, 'Mbwa ametulia?' Mi nikamwambia ndiyo, baba, ametulia kabisa. Akasema, 'Basi.' Ikawa hivyo tu." Machozi yakaanza. "Nilimdanganya, mama. Bunduki zilikuwa zinapiga, mi sikujua kitu. Neno la mwisho nililompa baba ni uongo."

Nikamvuta kichwa nikakiweka pajani.

"Jua lilikuwa limefika wapi?"

"Limegusa milima. Nusu yake imezama."

"Basi hukumdanganya," nikamwambia. "Alikuwa ametulia."